JE, TUWEZE KUWAKATAA WAGOMBEA WOTE?

Ndugu msomaji, ukienda mnadani kununua mbuzi ukakuta wote wamekonda, unarudi nyumbani na fedha zako. Hakuna wa kukulazimisha. Je, katika uchaguzi ni hivyo hivyo? Kama hakuna mgombea anayekufaa, unaweza kusema, "Simtaki hata mmoja"?

Wakati wa chama kimoja

Wazee wanakumbuka. Kuanzia 1965 hadi 1990 mgombea urais alikuwa mmoja. Mpiga kura aliulizwa: Ndiyo au Hapana? Kama Hapana zingezidi, chama kilipaswa kuleta jina jingine. Kwa ubunge, kawaida walisimama watu wawili, mmoja kwa alama ya Jembe, mwingine kwa alama ya Nyumba. Mwaka 1965 hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Lakini asiyemtaka wa Jembe wala wa Nyumba hakuwa na pa kuweka alama yake.

Hapa kwetu

Sisi watu wa Kikwe tumo katika jimbo la Arumeru Mashariki. Katika uchaguzi mdogo wa 2012 tulipiga kura, na Joshua Nassari wa CHADEMA akamshinda Sioi Sumari wa CCM. Mwaka 2019 ulipangwa uchaguzi mdogo mwingine. Safari hii alibaki mgombea mmoja tu, John Pallangyo wa CCM. Akatangazwa mbunge bila kupingwa. Basi, siku ya kura haikuwapo. Waliomtaka hawakusema Ndiyo, na wasiomtaka hawakusema Hapana.

Katika uchaguzi wa vijiji wa 27 Novemba 2024 mambo yalikuwa tofauti. Mgombea aliyebaki peke yake alipigiwa kura ya Ndiyo au Hapana. Hiyo ni hatua nzuri.

Wenzetu wa India

Tangu 2013 mpiga kura wa India anaweza kuwakataa wagombea wote. Kura yake inahesabiwa na kutangazwa. Lakini hata kura hizo zikiwa nyingi kuliko zote, mgombea anayefuata ndiye anayeshinda. Kukataa huko ni sauti tu, hakuna nguvu.

Tufanyeje?

Wengine husema, "Mimi nitaharibu kura." Ndugu, kura iliyoharibika haisemi neno. Haijulikani kama ulikataa au ulikosea.

Wako wanaopinga jambo hili. Wanasema kurudia uchaguzi ni gharama, na kiti hakifai kukaa wazi. Ni kweli. Lakini kukaa miaka mitano na kiongozi asiyetakiwa ni gharama pia. Watu hawatafika kwenye mikutano yake, wala hawatachangia kazi za kijiji kwa moyo.

Kwa hiyo kukataa kuwe na nguvu: waliokataliwa na wengi wakae pembeni, yaletwe majina mengine, na uchaguzi urudiwe mara moja tu.

Wewe unaonaje? Lizungumzeni jambo hili kijijini, kabla siku ya kura haijafika.