Vumbi Halipigi Hodi

Wiki hii tuzungumzie nguo zinazowaka taa, na adui yake mkubwa.

Katika jimbo la Nevada, nchini Marekani, liko jangwa liitwalo Black Rock. Zamani sana palikuwa ziwa. Maji yalikauka, ukabaki uwanda mweupe usio na hata jani. Huko ndiko tamasha la Burning Man lilikohamia mwaka 1990, baada ya kuanzia ufukweni San Francisco mwaka 1986. Siku hizi huvuta makumi ya maelfu ya watu.

Usiku jangwani hakuna taa za barabarani. Wapo wanaotembea, wapo wenye baiskeli, na yapo magari yaliyopambwa. Kwa hiyo watu hujishonea taa ndogo za LED kwenye makoti na kofia. Ni pambo, lakini pia ni usalama. Taa zikizimika usiku wa manane, mwenye baiskeli hakuoni mpaka amekufikia.

Na mara nyingi kinachozizima ni vumbi. Vumbi la pale ni laini kama poda, na lina ukali wa magadi. Likiwa kavu huziba swichi na viungio. Likilowa jasho au mvua, chumvi zake hupitisha umeme na kula shaba. Mvua ya mwaka 2023 ililigeuza kuwa tope, maelfu ya watu wakakwama. Sisi wa redio tunalijua vumbi: likiingia kwenye kitufe cha sauti, redio hukwaruza.

Tufanyeje? Kwanza, nunua utepe wa taa ulioandikwa IP65 au IP67. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo daraja la juu kabisa. Lakini kumbuka, ukiukata utepe huo umeufungulia vumbi mlango. Kila ncha uliyokata, na kila mahali ulipochomelea waya, pazibwe upya kwa silikoni au kwa mpira unaosinyaa ukipashwa moto.

Silikoni nayo ina siri. Ile inayonuka siki wakati wa kukauka hula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa vifaa vya umeme.

Pili, bodi inayoongoza taa ipulizie vanishi ya kukinga saketi. Kabla ya hapo, funika swichi na matundu ya kuchomekea kwa utepe wa gundi, la sivyo vanishi itaziba njia ya umeme. Kisha iweke bodi ndani ya kijisanduku chenye mfuniko unaobana.

Tatu, angalia joto, kwa maana kinachozuia vumbi huzuia na hewa. Taa moja ya aina inayobadili rangi, iking'aa nyeupe kwa nguvu zote, hula karibu miliampia 60 kwa volti 5. Taa 100 ni ampia 6, yaani wati 30 juu ya mwili wako. Punguza mwanga hadi robo. Katika giza la jangwani unatosha, na betri itadumu.

Betri ya lithiamu usiimwagie gundi wala kuibana. Iweke kwenye mfuko wake wenye zipu, pamoja na fyuzi, mahali unapoweza kuichomoa upesi ikipata moto au ikivimba.

Ukirudi nyumbani, toa betri kwanza. Nje ya kifaa pangusa kwa kitambaa chenye siki kidogo iliyochanganywa na maji, maana siki huvunja nguvu ya magadi. Halafu pangusa kwa maji matupu, ukaushe. Ndani usitie maji. Tumia brashi laini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nguo ya taa, ufa ni ile ncha ndogo uliyoikata kwa mkasi. Hadi wiki ijayo, kwaherini.