Mama Kazini, Mtoto kwa Nani? Chimbuko la Mitazamo ya Uingereza kuhusu Akina Mama Wenye Ajira

Mjadala kuhusu akina mama wenye ajira nchini Uingereza huendeshwa kana kwamba unahusu jambo moja tu, yaani endapo inafaa mwanamke mwenye mtoto mdogo atoke nyumbani kwenda kazini, ilhali tangu mwaka 1945 ndani yake kumejificha swali la pili, nalo ni mama yupi anayezungumzwa. Wasemaji wa Kiswahili walioko London, Leicester na miji mingine ya nchi hiyo hukutana na mitazamo hiyo kwa mwajiri, kwa jirani na kwenye mlango wa chekechea, na mara nyingi huichukulia kuwa ni desturi ya Wazungu tangu enzi na enzi. Historia inaonyesha vingine. Sehemu kubwa ya mitazamo hiyo ilijengwa katika miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa maamuzi ya serikali na kwa maandishi ya wataalamu, na ilijengwa wakati uleule ambapo dola hiyohiyo ilikuwa ikiwaita wanawake wa makoloni waje kuifanyia kazi.

Kabla ya vita hivyo ajira nyingi za heshima zilikuwa na kanuni iliyomlazimu mwanamke kuacha kazi mara anapoolewa. Kanuni hiyo iliondolewa kwa walimu mwaka 1944 na kwa watumishi wa umma mwaka 1946, lakini wanawake wa idara ya mambo ya nje waliendelea kubanwa nayo hadi mwaka 1973. Vita vilivuruga mpangilio huo, kwa kuwa viwanda vya silaha vilihitaji mikono, na serikali ikagharimia vituo vya kulelea watoto mchana ambavyo kufikia mwaka 1944 vilikaribia 1,500. Vita vilipokwisha, Wizara ya Afya ilizitumia halmashauri waraka uliosema kwamba mahali panapomfaa mtoto wa chini ya miaka miwili ni nyumbani kwa mama yake, na vituo vingi vikafungwa. Mwaka 1960 waraka mwingine, safari hii wa Wizara ya Elimu, ulizuia upanuzi wa shule za chekechea za umma, na kwa miaka mingi iliyofuata mama aliyetaka kufanya kazi alilazimika kumtafuta mlezi kwa juhudi zake mwenyewe.

Maamuzi hayo yalipata nguvu ya kitaaluma kutoka kwa John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu madhara yanayompata mtoto anapotenganishwa na mama yake. Nadharia yake, ambayo kwa ufupi inasema kwamba mtoto mchanga huhitaji kushikamana kwa karibu na mlezi mmoja wa kudumu ili akue na afya ya akili, ilitegemea kwa kiasi kikubwa watoto walioishi katika makao ya yatima, walioachwa hospitalini au waliotawanywa na vita, na hao si sawa na watoto ambao mama zao huenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Tofauti hiyo ilipotea njiani kadiri nadharia ilivyotoka kwa wataalamu kwenda kwenye magazeti na vijitabu vya malezi, na ingawa Michael Rutter aliichambua upya kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1972, kizazi kizima cha wanawake kilikuwa kimeshaaminishwa kwamba mshahara wa mama hulipwa kwa machozi ya mtoto.

Sasa na itazamwe kalenda ya upande wa pili. Mwaka 1948 Sheria ya Uraia ilithibitisha haki ya watu wa makoloni ya kuingia na kuishi Uingereza, meli ya Empire Windrush ikatia nanga mwezi Juni, na mwezi Julai Huduma ya Taifa ya Afya ikaanza kazi ikiwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Wanawake wa Jamaika, Barbados na Trinidad waliajiriwa kwa wingi wodini na jikoni mwa hospitali. Wengi walioomba kusomea uuguzi walielekezwa kwenye mafunzo ya miaka miwili, yaliyotoa cheti cha ngazi ya chini ambacho mara nyingi hakikutambuliwa kwao, badala ya yale ya miaka mitatu yaliyofungua njia ya kupanda vyeo. Baadhi yao waliwaacha watoto wao kwa bibi zao visiwani, wakawaita baada ya miaka kadhaa, na wale waliozaa Uingereza mara nyingi walichagua zamu ya usiku ili mchana wawe na watoto. Hakuna waraka wa serikali uliosema kwamba mahali panapomfaa mtoto wa muuguzi huyo ni kwa mama yake. Ukimya huo, kwa mizani ya haki, ni mzito kuliko maneno yote yaliyoandikwa katika waraka wa mwaka 1945.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Brian Jackson alizunguka mitaa ya miji ya viwanda alfajiri, kabla ya mapambazuko, akiwaangalia akina mama wakisukuma vigari vya watoto kuelekea kwa walezi wasiosajiliwa. Mlezi wa namna hiyo alikuwa mwanamke wa mtaani aliyepokea watoto kadhaa nyumbani kwake kwa malipo madogo, bila ukaguzi wa halmashauri, ingawa sheria nyingine ya mwaka 1948, ya vituo na walezi wa watoto, ilidai usajili. Wanafunzi kutoka Afrika Magharibi, hasa Nigeria na Ghana, walitumia njia nyingine: waliwalipa wenyeji Wazungu wa mashambani na wa miji midogo wawalee watoto wao kwa miezi au miaka, na maelfu ya watoto walikulia katika nyumba ambamo hakuna aliyefanana nao. Filamu ya Farming ya mwaka 2018, iliyotungwa na kuongozwa na Adewale Akinnuoye-Agbaje kutokana na maisha yake mwenyewe, inaonyesha jinsi utaratibu huo ulivyoweza kumvunja mtoto.

Mkondo wa Afrika Mashariki uliingia baadaye kidogo. Wahindi wa Kenya walianza kuondoka kwa wingi mwaka 1967, Bunge la Uingereza likapitisha kwa siku chache tu sheria ya mwaka 1968 ya kuwazuia, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, zaidi ya watu 27,000 walipokewa Uingereza huku Halmashauri ya Jiji la Leicester ikilipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasielekee huko. Wengi walielekea huko hata hivyo. Baadhi ya wanawake wa familia hizo hawakuwahi kufanya kazi ya mshahara walipokuwa Kampala, Mombasa au Dar es Salaam, ambako nyumbani kulikuwa na mama mkwe na yaya. Uingereza iliwageuza vibarua wa viwandani katika muda wa miezi michache, na familia nyingi zisingeweza kulipa kodi ya nyumba bila mshahara wa mama.

Mgomo wa Grunwick ndio unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi hali hiyo ilivyokuwa. Grunwick ilikuwa kampuni ya kusafisha picha kaskazini magharibi mwa London, iliyopokea filamu za wateja kwa posta, hivyo kazi ilifurika kila majira ya joto watu waliporudi kutoka likizo. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake wenye asili ya Kihindi waliotoka Afrika Mashariki, na walilazimishwa kufanya kazi muda wa ziada bila kuarifiwa mapema, jambo ambalo kwa mama mwenye watoto wanaongoja chakula cha jioni halikuwa usumbufu mdogo. Tarehe 20 Agosti 1976 Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyewahi kuishi Tanzania na mumewe, alikuwa anajiandaa kwenda nyumbani alipoambiwa abaki. Alikataa, akatoka pamoja na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi hapohapo, na katika siku zilizofuata wakatoka wengine wapatao 130. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood waligoma kushughulikia barua za kampuni, na mwezi Julai 1977 maelfu ya wafanyakazi, wakiwemo wachimba makaa ya mawe, walijazana langoni kuwaunga mkono. Mgomo ulikoma Julai 1978 bila waliogoma kurudishwa kazini. Magazeti yalivutiwa mno na sari za wagomaji na udogo wa miili yao, kana kwamba ajabu ilikuwa vazi, huku lalamiko lililouzaa mgomo, yaani mama kutojua saa ya kurudi kwa wanawe, likipewa nafasi ndogo.

Kutokana na historia hii zilizuka lawama mbili zinazokinzana. Mama wa Karibi na wa Afrika alilaumiwa kwa kufanya kazi mno na kumwachia mtoto mtaa, huku mama wa Pakistani na wa Bangladeshi akilaumiwa kwa kukaa nyumbani na hivyo kukataa kujumuika na jamii. Lawama hizo haziwezi kuwa na kipimo kimoja, kwa kuwa jambo lililohesabiwa kuwa wema kwa mama Mwingereza wa mwaka 1950 lilihesabiwa kuwa kasoro kwa mama wa Bradford miongo michache baadaye. Amrit Wilson aliwapa wanawake wa Kiasia nafasi ya kujieleza katika Finding a Voice, kitabu cha mwaka 1978, na mwaka 1985 Beverley Bryan, Stella Dadzie na Suzanne Scafe wakaandika The Heart of the Race, kinachoeleza kwamba kwa mwanamke mweusi kazi ya ujira haikuwa tuzo ya ukombozi iliyopatikana juzi.

Serikali nayo ilikuwa na sera ya jamii ya tamaduni nyingi, yaani jamii ambamo watu wa asili, dini na lugha tofauti huishi chini ya sheria moja bila kulazimishwa kuacha mila zao. Msingi wake ulielezwa na Roy Jenkins, waziri wa mambo ya ndani, mwaka 1966, na ukafuatwa na sheria za kupinga ubaguzi wa rangi, kubwa zaidi ikiwa ile ya mwaka 1976. Sera hiyo ilishughulikia kilemba cha Kalasinga, nyama ya halali shuleni na sikukuu za dini, mambo ambayo yalistahili kushughulikiwa. Malezi ya watoto wadogo hayakuingizwa humo, yakabaki kuwa shauri la kila familia, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu chekechea ndipo mahali pa kwanza ambapo watoto wa tamaduni mbalimbali wangekutana.

Utafiti wa maoni ya jamii unaofanywa Uingereza tangu mwaka 1983 unaonyesha mabadiliko makubwa. Mwaka 1987 asilimia 48 ya waliohojiwa walikubali kwamba kazi ya mwanamume ni kutafuta fedha na ya mwanamke ni kutunza nyumba. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 9. Walioona kwamba mama mwenye mtoto asiyefikia umri wa shule anapaswa kukaa nyumbani walishuka kutoka asilimia 64 mwaka 1989 hadi 33 mwaka 2012. Hata hivyo, katika mwaka huo wa 2012 ni asilimia 5 tu waliounga mkono mama huyo kufanya kazi ya kutwa nzima. Jamii imemruhusu mama afanye kazi, ila nusu siku, na pendekezo hilo humfaa mwenye mume anayepata mshahara wa kutosha. Mama anayelea peke yake na kutuma fedha Tanga au Bujumbura hana nusu siku ya kuacha.

Ni muhimu kuongeza kwamba taswira ya mama wa nyumbani ilisafirishwa pia hadi Afrika Mashariki. Chama cha Maendeleo ya Wanawake nchini Kenya, kilichoanza mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni, kilifundisha usafi, ushonaji na upishi kwa wanawake ambao ndio waliokuwa wakilima mashamba. Anayedhani kwamba kuulizwa "watoto umemwachia nani?" kulianzia ughaibuni na azingatie hilo.

Mwelekeo wa serikali wa mwaka 1948, wa kumwita mama kazini bila kumjali mtoto wake, haujatoweka. Mwaka 2022 Uingereza iliwafungulia milango watunzaji wa wazee kutoka nje, na miongoni mwa waliokwenda walikuwemo wanawake wengi wa Afrika. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 waombaji wapya wa viza ya watunzaji hao hawaruhusiwi kuja na watoto wao, na tangu Julai 2025 ajira mpya za aina hiyo kutoka ng'ambo zimefungwa. Kadhalika, saa 30 za malezi kwa wiki zinazogharimiwa na serikali huko England, ambazo tangu Septemba 2025 hutolewa kuanzia mtoto anapofikisha miezi tisa, zimewekwa kwa wazazi wenye ajira, lakini familia ambayo wazazi wote wana viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma haizipati, hata kama wote wawili wanafanya kazi na kulipa kodi. Saa 15 za mtoto wa miaka mitatu na minne hazina sharti hilo. Mzazi mwenye viza ya aina yoyote anayeishi England anaweza kuziomba katika chekechea iliyo karibu naye kuanzia muhula unaofuata mtoto anapotimiza miaka mitatu, na asikubali kurudishwa mlangoni kwa sababu ya viza yake.