Umri wa Jibu la Maabara: Upimaji wa Maji ya Visima katika Makazi Yanayokua ya Dar es Salaam

Katika mitaa ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, maji ya kisima huhukumiwa kwa ulimi. Yenye chumvi hutumika kufulia na kudekia. Yasiyo na chumvi, ambayo watu wa pwani huyaita maji baridi hata yakiwa yamepata moto juani, hunywewa. Ulimi si kipimo cha kudharauliwa, kwa kuwa hugundua chumvi bila gharama yoyote. Hata hivyo, hauwezi kutambua bakteria wa kipindupindu, wala nitrati, wala kinyesi kilichopenya mchangani kutoka choo cha jirani. Matokeo yake ni kwamba kisima kirefu chenye chumvi kidogo, ambacho huenda hakina vijidudu, hukataliwa, ilhali kisima kifupi chenye maji matamu hupangiwa foleni ya madumu tangu alfajiri.

Makala haya yanafafanua namna maji ya visima yanavyopimwa na namna majibu ya vipimo hivyo yanavyopaswa kusomwa katika makazi ambayo bado yanajengwa. Hoja inayojengwa ni kwamba jibu la maabara huhusu chupa moja ya maji, iliyochotwa mahali fulani katika siku fulani, na kwamba kila kipimo kina umri wake wa kuaminika. Lipo jibu linaloweza kutumika kwa miaka mingi, na lipo linalozeeka kwa mvua moja.

Mji juu ya maji yake

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja halikutandikiwa mabomba ya maji safi na ya majitaka kwa kasi ileile. Utegemezi wa visima ulipata msukumo mkubwa baada ya ukame wa mwaka 1997, ambapo maji ya Mto Ruvu, chanzo kikuu cha jiji, yalipungua na visima vingi vikachimbwa na serikali pamoja na watu binafsi. Kilichoanza kama hatua ya dharura kikawa mazoea, na kwa baadhi ya wenye visima kikawa biashara.

Chini ya sehemu kubwa ya uwanda huu wa pwani kuna matabaka mawili ya mchanga yanayohifadhi maji, yaliyotenganishwa na udongo wa mfinyanzi. Tabaka la juu hujazwa na mvua inayopenya moja kwa moja kutoka juu ya ardhi; visima vifupi huchota humo. Tabaka la chini hupata kinga fulani kutokana na mfinyanzi, ingawa mfinyanzi huo haukutandazwa kwa unene mmoja kila mahali. Aidha, kisima kirefu kilichojengwa vibaya huweza kuwa njia ya kushusha uchafu: pasipokuwa na saruji ya kuziba nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa shimo, maji ya juu huteremka pembeni mwa bomba hadi kwenye tabaka lililodhaniwa kuwa salama.

Mashimo ya vyoo nayo yamechimbwa katika mchanga uleule. Mwongozo unaotumika sana katika kazi za maji na usafi wa mazingira hutaka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na chini ya shimo pawe juu ya usawa wa maji kwa mita 1.5 au zaidi. Chukuliwe mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 20. Umbali mrefu kuliko wote ndani yake, yaani kutoka kona moja hadi kona inayoikabili, ni takribani mita 28. Mwenye kiwanja hicho hawezi kutimiza masharti hayo hata akiweka kisima kona moja na choo kona nyingine, na hapo jirani zake hawajahesabiwa. Wakati kisima kinachimbwa, huenda pande tatu zilikuwa na mihogo na mikorosho. Baada ya miaka mitano pande zote zina nyumba, na kila nyumba ina shimo lake. Kisima hakikuhama, vyoo ndivyo vilivyokifuata.

Vijidudu: jibu la muda mfupi

Kipimo cha kwanza kwa umuhimu ni cha bakteria aitwaye Escherichia coli. Aina nyingi za bakteria huyu hazisababishi ugonjwa. Hutafutwa kwa sababu makazi yake ni utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto, na hivyo kuwapo kwake ndani ya maji ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika humo. Kinyesi kikifika, vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara vinaweza kufika pia. Kiwango kinachokubalika katika maji ya kunywa ni sifuri kwa kila mililita 100.

Maabara hupitisha mililita 100 za maji katika utando wenye matundu ya mikromita 0.45, ambayo bakteria hawawezi kupita. Utando huo huwekwa juu ya chakula cha bakteria na kuhifadhiwa katika joto la nyuzi 44 za Selsiasi kwa muda wa saa 18 hadi 24. Kila bakteria aliyenaswa huzaliana hadi kuwa doa linaloonekana kwa macho, na madoa huhesabiwa. Doa moja hadi 10 kwa kawaida husomwa kama hatari ndogo, 11 hadi 100 hatari ya kati, na zaidi ya 100 hatari kubwa. Palipo mbali na maabara hutumika chupa ndogo yenye kemikali inayogeuka nyeusi bakteria wa kinyesi wanapotoa gesi ya salfidi ya haidrojeni. Njia hii, iliyobuniwa nchini India na kuchapishwa mwaka 1982, haitoi idadi, lakini weusi ndani ya chupa hueleweka haraka hata kwa asiyejua kusoma jedwali.

Usahihi wa yote haya huamuliwa kabla ya maji kufika maabara. Chupa inapaswa kuwa imetakaswa kwa joto, na haisuuzwi kwa maji yanayopimwa. Mdomo wa bomba husafishwa kwa moto au spiriti, kisha maji huachwa yatiririke kwa dakika kadhaa ili yale yaliyolala bombani yatoke. Sampuli huwekwa katika kasha lenye barafu, gizani, na inafaa ipimwe ndani ya saa sita. Ikipita saa 24 haifai tena. Maji yaliyobebwa katika chupa ya soda iliyooshwa nyumbani, yakashinda ndani ya daladala katika joto la mchana, yatatoa jibu fulani, lakini halitakuwa jibu kuhusu kisima.

Suala la mahali pa kuchota lina uzito uleule. Maji hupanda kutoka kisimani hadi kwenye tangi la plastiki, hushuka kwenye koki, huingia kwenye dumu, husafiri kwa mkokoteni, humiminwa kwenye ndoo na mwishowe huchotwa kwa kikombe. Sampuli ya kisimani ikiwa safi na ya ndooni ikiwa chafu, kisima hakina kosa. Tangi, dumu au mkono ndio wa kuchunguzwa. Kupima upande mmoja pekee humwelekeza mtu kwenye marekebisho yasiyo sahihi.

Kuhusu umri wa jibu, majira ndiyo yenye uamuzi. Mwezi Septemba mchanga ni mkavu, usawa wa maji umeshuka, na vijidudu vingi hufa au kunaswa njiani. Masika ya Machi hadi Mei hubadili hali hiyo: usawa wa maji hupanda hadi kukaribia au kuingia ndani ya mashimo ya vyoo, na madimbwi hufunika midomo ya visima vifupi. Isitoshe, katika mitaa ya mabondeni kuna kaya ambazo hungoja mvua kubwa ili zitapishe vyoo, yaani zifungue shimo ili mafuriko yabebe kilichomo. Jibu la Septemba haliwezi kumlinda mtu anayekunywa maji mwezi Aprili. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi ni ukumbusho kwamba hata nje ya masika hatari haiondoki.

Nitrati: kumbukumbu ya ujenzi

Nitrati huenda kwa mwendo tofauti. Naitrojeni iliyomo katika mkojo na kinyesi hugeuzwa na bakteria wa udongoni kuwa nitrati, ambayo huyeyuka na kusafiri na maji bila kuzuiwa na mchanga. Haifi kama vijidudu na hukaa katika tabaka la maji kwa miaka. Kwa hiyo ongezeko lake katika kisima huwa kama kumbukumbu ya vyoo vilivyoongezeka mtaani, na hutoa onyo hata pale ambapo sampuli ya siku hiyo haina bakteria. Kisima chenye nitrati ya miligramu 10 kwa lita mwaka huu, 20 baada ya miaka miwili na 35 baadaye bado kiko ndani ya kiwango, lakini mwelekeo wake unaeleweka.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Wanaokabiliwa zaidi na hatari ni watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa sababu nitrati hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni. Midomo na kucha za mtoto huanza kuwa za rangi ya bluu. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanayopungua kwa mvuke huacha nitrati nyuma, na hivyo ukali wake huongezeka.

Hapa pana mtego katika usomaji wa majibu, na huwanasa hata wasomi. Baadhi ya maabara huandika nitrati yenyewe, nyingine huandika naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. Namba ya pili huzidishwa kwa takribani 4.4 kupata ya kwanza. Karatasi inayoonyesha 15 kama naitrojeni inamaanisha nitrati ipatayo 66, ambayo imevuka kiwango. Anayeilinganisha 15 hiyo na 50 atafunga karatasi akiwa ameridhika.

Chumvi na miamba

Chumvi ndiyo pekee ambayo ulimi na kifaa hukubaliana. Kifaa kidogo cha kupima upitishaji wa umeme hutoa jibu papo hapo, na mwenye kisima anaweza kukitumia mwenyewe. Umuhimu wake jijini unatokana na bahari. Maji baridi chini ya ardhi ya pwani huelea juu ya maji ya bahari, ambayo ni mazito kidogo. Ghyben wa Uholanzi mwaka 1888 na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901 walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hulingana na takribani mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kinyume chake kinatisha: pampu nyingi zikishusha usawa kwa mita moja, mpaka wa maji ya chumvi unaweza, muda ukitosha, kupanda kwa mita 40. Mwenye kisima huona maji yake yakibadilika ladha ingawa yeye hakuongeza hata saa moja ya kusukuma. Waliochimba baada yake ndio walioongeza. Kipimo cha kila mwezi kilichoandikwa daftarini huonyesha badiliko hilo kabla halijafika mdomoni.

Zipo pia kemikali zinazoletwa na miamba na si wakazi. Mfano unaofahamika zaidi nchini si wa Dar es Salaam bali wa Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako miamba ya volkano hutoa floraidi inayotia meno madoa ya kahawia na, ikizidi sana, kuharibu mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania ilivumilia hadi 4, kwa kuwa vyanzo mbadala vilikuwa haba. Kwa kuwa miamba haibadiliki kwa mvua ya msimu, jibu la floraidi huishi muda mrefu. Umri wake hukoma kisima kinapochimbwa zaidi au kingine kinapofunguliwa pembeni, kwa sababu maji yanaweza kuwa yanatoka katika mwamba mwingine.

Cheti na mwenye kisima

Katika vituo vingi vya kuuzia maji hubandikwa karatasi ya maabara, mara nyingi ya mwaka kisima kilipochimbwa. Ni haki kuisoma, mradi isomwe kwa tarehe yake. Kemikali za miamba zilizopimwa siku hiyo bado zinaweza kuaminika. Chumvi na nitrati zinahitaji kipimo cha karibuni, walau kila mwaka. Safu ya bakteria haina thamani tena. Inapaswa kurudiwa katikati ya masika na tena wakati wa kiangazi, pamoja na kukagua kwa macho mfuniko, sakafu ya saruji, mtaro wa kuondolea maji, na mashimo mapya yaliyochimbwa jirani. Ukaguzi huo haugharimu chochote na mara nyingi hueleza sababu ambayo namba peke yake haiielezi.

Ugumu hutokea kwa kuwa anayelipia kipimo ndiye anayeuza maji. Jibu baya humpotezea wateja, na hakuna kinachomsukuma kulitangaza. Bakteria wakipatikana, dawa ipo: kisima na tangi hutiwa klorini, maji huchemshwa au kutiwa dawa nyumbani hadi kipimo cha marudio kitoke, na chanzo cha uchafu hutafutwa. Nitrati ikivuka kiwango, hakuna dawa ya nyumbani ya bei nafuu. Maji yale matamu huhamia kwenye kufulia na kudekia, na ya kunywa hutafutwa kwingine kwa gharama ya siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo mwenyekiti wa mtaa anayeletewa pendekezo la upimaji huuliza kwanza, kabla chupa haijafunguliwa, maji mengine yatatoka wapi.