Umri wa Mlima Umo Mchangani

Msomaji ameuliza: kama Usambara, Pare na Uluguru ni mabaki ya safu kubwa zaidi iliyokwisha kumomonyoka, umri wa safu hiyo ulijulikanaje? Jibu limo katika punje za zirikoni, nyingi hazifiki hata robo ya milimita. Mlima ukishasagika, ushahidi wa kutegemewa ni madini yake, si umbo la nchi. Zirikoni inapoota ndani ya mwamba wenye joto kali huipokea urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo risasi itakayokutwa humo baadaye, karibu yote imezaliwa humo humo urani ilipooza.

Raha yenyewe ni kwamba urani hiyo ni ya aina mbili. Nusu ya urani 238 huisha kwa miaka bilioni 4.47, ile ya 235 kwa miaka milioni 704. Ni kama mitungi miwili inayovuja, mmoja polepole, mwingine upesi, kila mmoja na beseni lake chini. Ukilinganisha maji ya beseni na yaliyosalia mtungini, unajua kuvuja kulianza lini, na mitungi yote miwili itatoa jibu moja. Sasa mtu akichota sehemu ya kumi ya kila beseni, hesabu hazitapatana tena: mtungi wa polepole utapunguza muda mwingi kuliko ule wa upesi. Basi punje iliyopoteza risasi hujifichua yenyewe.

Kwa njia hiyo miamba ya Usambara na Uluguru imeonekana kuivishwa kilindini yapata miaka milioni 640 iliyopita, mabara yaliyounda bara kuu la kale la Gondwana yalipogongana. Ukanda wa miamba hiyo ni ule ule ambao Arthur Holmes, aliyetafuta madini Msumbiji mwaka 1911, aliupa jina la Msumbiji. Miamba ya katikati ya Tanzania, kuelekea Ziwa Victoria, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kwa hiyo mchanga wa mto ukiwa na punje za rika zote mbili, asili yake haiwezi kuwa moja.

Atapinga mtu kwamba punje huweza kupitia mawe ya mchanga kadhaa kabla ya kufika mtoni. Kweli, umri wake hutaja chimbuko, hautaji safari. Atasema pia kwamba shuleni tulifundishwa kuwa Usambara iliinuliwa na mipasuko ya ardhi. Nayo ni kweli, ila ni nusu ya habari: kuinuka ni kwa juzi, mwamba ni wa kale. Vitabu vya jiografia vingefaa kutaja umri wa kuinuka na umri wa mwamba pia.