Pochi Isiyo na Fedha Ndani

Mkazi wa Kabasa, mkoani Mara, akisahau namba ya siri ya fedha zake za simu, huenda kwa kampuni na kitambulisho chake, akawekewa namba mpya. Je, mwenye Bitcoin, sarafu ya kompyuta iliyoanza mwaka 2009, aende wapi?

Yafaa ifahamike kwanza kwamba pochi ya sarafu hizo haina sarafu ndani. Hesabu zote zimo katika daftari moja lenye nakala katika maelfu ya kompyuta duniani. Pochi hutunza ufunguo wa siri unaoidhinisha malipo. Pochi nyingi huupata ufunguo huo kutokana na maneno 12 au 24, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu katika orodha ya maneno 2,048. Ayajuaye maneno hayo ndiye awezaye kutumia mali. Yakipotea pamoja na simu, hakuna ofisi ya kuyarudisha.

Pochi ya simu ni nyepesi kutumia; kifaa kinachotunza ufunguo nje ya intaneti ni salama zaidi. Kwa vyovyote, anayeanza ayaandike maneno karatasini, asiyapige picha, wala asimwambie ajitiaye msaidizi. Kabla ya kuweka chochote, aifute pochi na kuirudisha kwa maneno hayo. Anwani ikiwa ileile, ameandika sawasawa.

Tena aijue sheria: Novemba 2019, Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kwamba fedha halali nchini ni shilingi.

Nakala za karatasi ziwe mbili, mahali mbalimbali. Mchwa hawajui thamani ya maandishi.