Nyuki Mmoja Tu: Mzio Unaoweza Kuua Porini

Leo siongelei bei ya asali.

Msimu uliopita nilikuwa porini na kikundi cha vijana, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Inyonga. Mmoja wao ana mizinga 40, si mgeni wa kurina. Nyuki mmoja akamchoma shingoni. Akacheka, akaendelea na kazi. Hazikuisha dakika kumi akaanza kujikuna mwili mzima, midomo ikavimba, sauti ikakauka, akasema kifua kinambana. Wenzake wakakimbilia kumpaka asali. Nikawaambia acheni hiyo, tafuteni pikipiki!

Ule ndio mzio, wengine mnauita aleji. Kinga ya mwili inaichukulia sumu ya nyuki kama adui mkubwa na kumwaga kemikali, mojawapo histamini, zinazovimbisha njia ya hewa na kushusha shinikizo la damu. Mara nyingi mtu huwa alishachomwa zamani bila shida. Mwili ulikuwa unajifunza tu. Kwa hiyo ile kauli ya "mimi nimezoea nyuki" isikudanganye.

Sasa tusichanganye mambo. Ukichomwa mkono ukavimba mkono, hata kwa siku mbili tatu, hilo ni jambo la kawaida. Maji baridi yanasaidia, na setirizini au piritoni hupunguza muwasho. Ukichomwa na nyuki mamia, hiyo ni sumu nyingi, na inaweza kumwua hata asiye na mzio, wahi hospitali. Lakini vipele vikitokea mbali na ulipochomwa, ulimi ukivimba, ukatapika, ukaishiwa pumzi au ukaona kizunguzungu, hiyo ni dharura. Hapo vidonge vya muwasho havitoshi. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja, na kila dakika ina maana.

Mwiba utoe upesi. Kifuko cha sumu hubaki nao kikiendelea kusukuma, basi kwangua kwa kucha, usipoteze muda kutafuta wembe. Ondokeni pale pale, maana mwiba huacha harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita nyuki wengine. Mgonjwa alale chali, miguu juu. Akishindwa kupumua vizuri, akae. Asitembee. Na hapa ndipo pikipiki inatutesa, kwa sababu inamkalisha wima mtu anayetaka kuzimia. Gari likipatikana, chukueni gari. Kama hakuna, mtu wa tatu amshike kwa nyuma.

Kabla ya msimu, ulizeni kituo cha afya cha karibu kama adrenalini ipo, na mhifadhi namba ya mhudumu. Asiingie mtu manzuki peke yake, hasa usiku. Mavazi ya kinga yafuliwe mbali na nguo za watoto. Sumu iliyokauka kwenye kitambaa inaweza kuwaamshia mzio hata wa nyumbani.

Yule kijana alichomwa adrenalini, akalazwa hadi kesho yake, kwa sababu dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Mizinga sasa anasimamia mdogo wake, yeye anachuja na kufungasha. Kila tukionana ananilalamikia kuwa dogo analeta masega ambayo hayajafunikwa nta.