Mjapani wa Thika na mti usioharakishwa

Hapa Kanyosha, wengi wetu tuliorudi kutoka Tanzania tunapenda biashara ambayo mtaji wake haulali. Unachukua mawese Rumonge leo, kesho umeuza, keshokutwa uko barabarani tena. Vitenge, ndagala, simu za mkononi, vyote vina sifa moja: siku mambo yakiharibika, unafunga mzigo na kuondoka nao. Simcheki mtu kwa hilo. Mimi mwenyewe nilisomea ukimbizini mkoani Kigoma, na nyumbani kwetu kulikuwa na begi moja ambalo mama hakulifungua miaka yote ile.

Hivi karibuni jirani yangu, mama anayefanya biashara kupitia mpaka wa Mugina, alikuja na swali. Familia yake imepata tena shamba lao kule Makamba baada ya mgogoro mrefu, na yeye anataka kupanda miti ya matunda. "Mwalimu," akasema, "mti wa miaka mitano, mimi nitaukuta?" Badala ya kumjibu, nilimsimulia habari za Yoshiyuki Sato.

Sato alizaliwa mwaka 1939 katika mkoa wa Miyagi, pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Mwaka 1963, akivutiwa na siasa za Kwame Nkrumah, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Ghana. Februari 1966 jeshi likampindua Nkrumah. Mwaka huohuo Sato akahamia Kenya na kuajiriwa katika kiwanda cha nguo cha Thika kilichokuwa na mtaji wa Kijapani. Aliacha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini hakurudi kwao. Yeye na mkewe waliwalea watoto wao Kenya, naye akajaribu biashara ndogo ndogo, hata kutengeneza penseli.

Mwaka 1974 alianzisha Kenya Nut Company pamoja na Mkenya Pius Ngugi, hapohapo Thika. Bidhaa yao ilikuwa makadamia, kokwa ambayo asili yake ni Australia na ambayo miti yake ilifika eneo la Thika katika miaka ya 1940. Wakulima wengi hawakuwa na soko lake la uhakika.

Naomba nieleze kidogo juu ya mti huu, maana ndiyo kiini cha habari yenyewe. Mche wa kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ukiotesha mbegu tupu, ngoja saba au zaidi. Hustawi kwenye miinuko ileile inayofaa kahawa, kwa hiyo mkulima huupanda katikati ya mibuni yake. Kokwa ikikomaa huanguka yenyewe. Ukiichuma mbichi, inakauka ikiwa imesinyaa na mnunuzi anaikataa. Ganda lake ni gumu kiasi kwamba jiwe la jikoni linaweza kushindwa, na kiwandani lazima ikaushwe hadi unyevu ubaki takriban asilimia 1.5 ndipo ipasuliwe vizuri. Hakuna hatua hata moja hapo inayokubali haraka.

Kwa hiyo yule Mjapani aliweka fedha zake mahali pasipobebeka. Mitambo haifungwi kwenye begi, na sehemu kubwa ya miti ilikuwa kwenye mashamba ya watu wengine, wakulima wadogo wa Kiambu, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru. Watengenezaji wa chokoleti wa Japani, Meiji, walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Leo Kenya ni mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa zao hili. Mwaka 2009 serikali yake ilipiga marufuku kusafirisha nje makadamia yenye maganda, ili kazi ya kupasua ibaki nchini. Marufuku hiyo ililegezwa kwa mwaka mmoja kuanzia mwishoni mwa 2023. Nasi wa mpakani tuliozoea kupitisha magunia ghafi tungefaa kuijadili siku moja.

Kinachonishangaza zaidi ni mwaka 2008. Sato, akikaribia miaka 70, alimwachia mshirika wake Mkenya kampuni ile kwa bei ndogo mno. Hakuwarithisha wanawe. Sisi ambao kesi zetu mahakamani karibu zote ni za urithi wa baba, jambo hilo linatusumbua, na sitadanganya kwamba ningeliweza. Yeye akafungua shughuli mpya Rwanda, Organic Solutions, inayotumia vijidudu vyenye manufaa kutengeneza mbolea na kuondoa harufu vyooni. Makao yalikuwa Kigali, mji ambao wafanyabiashara wetu waliuendea kwa basi kabla mpaka haujafungwa Januari 2024.

Jirani yangu alisikiliza hadi mwisho. "Huyo alikuwa na pasipoti ya Japani," akasema. "Yakimshinda, anapanda ndege. Mimi nikipanda mti, nimepanda na mguu wangu." Nilikubali, hapo hatufanani naye.

Wiki hii amekwenda tena Mugina na mzigo wake wa kawaida. Kabla ya kuondoka alinichorea shamba lao kwenye daftari langu la masomo, akaweka alama upande wa juu, penye kahawa. Miche kumi tu, alisema, na iwe ya kubebeshwa.